Kuondoa Rudufu na Kulinganisha Jumbe za Mistari Mingi katika Batli za Kompyuta Kuu: Funzo la Saa Iliyorudiwa Mjini Juba

Ikisiri

Makala haya yanaeleza jinsi jumbe za mistari mingi katika batli za mfumo za kompyuta kuu zinavyoweza kuondolewa rudufu na kulinganishwa bila kupoteza ushahidi. Hoja yake ni kwamba kosa kubwa katika kazi hii haliko kwenye programu. Liko kwenye maana. Wachambuzi huchanganya tukio lililotokea mara mbili na rekodi iliyoandikwa mara mbili. Mfano mkuu ni usiku wa tarehe 31 Januari 2021, Sudan Kusini iliporudisha saa zake nyuma kwa saa moja, na saa nzima ya batli ikabeba mihuri ya wakati iliyokwisha kutumika.

1.0 Utangulizi

Neno batli ni la mabaharia. Nahodha aliandika humo mwendo wa chombo, upepo na yaliyotokea njiani, siku baada ya siku, bila kufuta. Makala haya yanalitumia kwa daftari ambalo mfumo wa kompyuta unajiandikia wenyewe, ingawa mafundi wengi wa Juba, hasa waliosomea Kenya na Uganda kabla ya kurejea nyumbani, husema tu “logi”. Nimelichagua neno la zamani kwa sababu linabeba sharti ambalo neno jipya limelisahau: batli haifutwi. Mada yetu, hata hivyo, ni kufuta. Ugumu wote wa kazi umo katika mgongano huo.

Msomaji anaweza kuuliza kompyuta kuu zinaihusu nini Juba, mji ambao ofisi zake nyingi huendeshwa kwa seva ndogo, betri na jenereta. Jibu ni kwamba malipo ya kadi na tiketi za ndege huishia mara nyingi katika kompyuta kuu zilizoko mbali, na mashine ndogo ya Juba ni ncha moja tu ya uzi huo. Panapotokea mgogoro, batli ya ncha hii hulinganishwa na batli ya ncha ile. Isitoshe, nidhamu ya kuandika jumbe ilikomaa kwanza katika kompyuta kuu, na kanuni zake zinafaa kwa mashine yoyote.

2.0 Ujumbe mmoja, mistari mingi

Katika mfumo endeshi wa z/OS, kila ujumbe hufunguliwa kwa kitambulisho. Herufi tatu za mwanzo hutaja sehemu ya mfumo inayosema, namba hutaja ujumbe wenyewe, na herufi ya mwisho hueleza uzito: I ni taarifa tu, A inamtaka mwendeshaji atende mara moja, D inamtaka aamue. Ujumbe IEF404I, kwa mfano, husema kazi fulani imekwisha. Huo hutosha kwa mstari mmoja.

Jumbe nyingine hazitoshi. IEA995I ni ripoti ya dalili inayotolewa programu inapoanguka, nayo huwa na mistari kadhaa. Mfano ufuatao ni wa kufundishia na umefupishwa:

M SYSA 2021031 23:14:07.52 JOB04412 IEA995I SYMPTOM DUMP OUTPUT 317
D 317 SYSTEM COMPLETION CODE=0C7 REASON CODE=00000000
D 317 TIME=23.14.07 SEQ=00581 CPU=0000 ASID=004B
E 317 END OF SYMPTOM DUMP

Herufi ya kwanza ya kila mstari ndiyo inayotuongoza. M huanzisha ujumbe wa mistari mingi, D huleta data, E hufunga. L hutumika kwa mistari ya vichwa vya majedwali, na S huonyesha kwamba mstari uliotangulia haukutosha ukaendelezwa. Ujumbe wa mstari mmoja hubeba N. Tarehe 2021031 husomwa kama siku ya 31 ya mwaka 2021. Namba 317 ni kiungo: mistari ya D na E haina jina la mfumo wala wakati, na kitu pekee kinachoiunganisha na mzazi wake ni tarakimu hizo tatu.

Kwa hiyo kipimo cha maana katika batli ni ujumbe, ilhali kipimo cha faili ni mstari. Programu za kawaida za kupanga na kuchuja hufanya kazi kwa mstari. Matatizo mengi tutakayoyaona yanaanzia hapo.

3.0 Mchujo wa mstari kwa mstari na madhara yake

Tuchukue jumbe tatu za IEA995I zenye mistari minne kila mmoja. Mbili zinatokana na kosa 0C7, yaani programu iliyojaribu kufanya hesabu ya desimali juu ya data isiyo namba. Ya tatu inatokana na 0C4, programu iliyogusa sehemu ya kumbukumbu isiyoruhusiwa. Jumla ni mistari 12. Mchambuzi anaweka kando mihuri ya wakati na namba za viungo, kisha anaamuru programu ya kupanga, kwa mfano DFSORT yenye agizo la SUM FIELDS=NONE, ibakize mstari mmoja kwa kila matini inayofanana.

Mstari wa kichwa unabaki mmoja. Mistari ya msimbo wa kosa inabaki miwili. Mistari yenye TIME na SEQ inabaki yote mitatu, maana kila mmoja una namba zake. Mstari wa mwisho unabaki mmoja. Tumebakiwa na mistari 7, na hakuna awezaye tena kusema ni kosa lipi lilitokea saa ngapi, wala kwamba 0C7 ilitokea mara mbili. Faili imepungua na inaonekana nadhifu, lakini haina ujumbe hata mmoja uliokamilika. Nimeona ripoti za ukaguzi zilizoandikwa juu ya mafaili ya namna hii, na waandishi wake walikuwa watu makini.

Dawa ni kuunganisha kabla ya kuchuja. DFSORT ina kipengele cha WHEN=GROUP kinachotambua mwanzo wa kundi, hapa herufi M katika nafasi ya kwanza, na kusukuma alama ya kundi hilo kwenye kila mstari unaofuata. Baada ya hapo mistari ya kundi moja inaweza kuwekwa pamoja kuwa rekodi moja ndefu, na rekodi hiyo ndiyo inayochujwa.

Lakini njia hii inadhani kwamba mistari ya ujumbe mmoja imefuatana bila kuingiliwa. Katika mashine yenye shughuli nyingi haiwi hivyo daima: ujumbe wa kazi nyingine hupenya kati ya M na E ya wa kwanza. Anayehesabu kwa nafasi tu atampa mama mmoja watoto wa mwingine. Ni lazima kundi lifuatwe kwa namba ya kiungo, na tena ifuatwe hadi kwenye E na kukomea hapo, kwa kuwa tarakimu tatu hutoa namba 1,000 tu na 317 ya asubuhi itarudi tena, pengine kabla ya chakula cha mchana. Anayesoma OPERLOG, yaani mkondo wa batli unaokusanya jumbe za mifumo kadhaa, ana nafuu, kwani humo ujumbe huhifadhiwa kama kifurushi kizima. Usumbufu huanza pale kifurushi kinapogeuzwa kuwa matini ya kawaida.

4.0 Tukio lililorudiwa na rekodi iliyorudufiwa

Sasa tunafikia swali lenyewe. Jumbe mbili zinafanana. Je, ni rudufu?

Rekodi iliyorudufiwa ni tukio moja lililoandikwa mara mbili. Hutokea faili ya jana inapohifadhiwa ikiwa na saa za mwanzo za leo, kisha faili ya leo ikahifadhiwa nzima. Hutokea pia ujumbe mmoja unapoingia katika batli ya mfumo na katika batli ya kazi husika, halafu zote mbili zikakusanywa. Rudufu ya namna hii inaweza kuondolewa bila hasara. Tukio lililorudiwa ni jambo jingine kabisa. Programu imeanguka saa nne, imeanguka tena saa tano. Kuondoa moja ni kusema uongo kuhusu mashine.

Kati ya hizo mbili kuna sura ya tatu, na Juba inaifahamu vizuri. Mashine inatuma ujumbe wa malipo, mawasiliano yanakatika kabla ya jibu kurudi, nayo inatuma tena. Kabla ya kebo ya nyuzi za mwanga kuingia nchini kutoka Uganda mwaka 2020, mawasiliano ya Juba yalitegemea sana setilaiti, na hata sasa umeme hukatika. Upande wa pili unaweza kupokea jumbe mbili zenye nyakati tofauti kwa malipo ambayo mteja aliyafanya mara moja. Waliobuni viwango vya malipo waliliona hili mapema. Katika ISO 8583, ombi la malipo hubeba aina 0200 na marudio yake hubeba 0201, ili mpokeaji ajue kwamba anasikia neno lile lile. Mtandao wa SWIFT huruhusu mtumaji kuambatisha alama ya PDE, inayokiri kwamba ujumbe huu huenda ulikwisha kutumwa. Ni mpango wa busara: anayejua habari ya urudufu ni mtumaji, naye ndiye anayeisema, badala ya kumwachia mkaguzi akisie miezi sita baadaye.

Jumbe za mfumo hazina alama kama hiyo. Huko mchambuzi hutegemea mhuri wa wakati: jumbe mbili zenye matini sawa na wakati sawa huhesabiwa kuwa moja. Kanuni hii ni nzuri, ila inadhani kwamba kila saa hupita mara moja.

5.0 Saa iliyopita mara mbili

Tarehe 1 Februari 2021, Sudan Kusini ilihama kutoka saa ya Afrika Mashariki, inayotangulia saa sanifu ya dunia, UTC, kwa saa tatu, kwenda saa ya Afrika ya Kati inayoitangulia kwa saa mbili. Mabadiliko yalianza usiku wa manane. Ilipotimia saa sita usiku, saa za Juba zilirudi saa tano usiku ya tarehe 31 Januari. Muda wa 23:00 hadi 23:59 ukapita upya.

Tazama maana yake katika batli. Ujumbe wa 23:14:07 wa kwanza uliandikwa saa 20:14:07 ya UTC. Ujumbe wa 23:14:07 wa pili uliandikwa saa 21:14:07 ya UTC. Mjini Nairobi, ambako saa hazikuguswa, wa kwanza ni wa 23:14:07 tarehe 31 Januari na wa pili ni wa 00:14:07 tarehe 1 Februari. Katika batli ya Juba yenye saa ya mahali peke yake, hakuna kinachozitenganisha.

Katika ofisi moja mjini humo, ambayo sitaitaja, kulikuwa na kazi ya kuhamisha malipo iliyojiendesha kila saa ikifika dakika ya 15. Usiku ule ilijiendesha saa 23:15 na tena saa 23:15, kama ilivyotakiwa. Wiki chache baadaye batli zilisafishwa kwa programu iliyoondoa jumbe zenye matini moja ndani ya dakika moja. Ukaguzi ulipokuja, hesabu zilionyesha uhamisho mara mbili na batli ilionyesha mara moja. Hitimisho la haraka likawa kwamba mwendeshaji wa zamu ya usiku aliuanzisha uhamisho mmoja kwa mkono wake. Kijana huyo alisimamishwa kazi. Niliombwa kuzitazama batli hizo, na sifa si yangu: upande wa Nairobi ulikuwa na jumbe zote mbili, moja ya 23:15 na moja ya 00:15, na daftari la zamu lililoandikwa kwa mkono lilikuwa na mistari miwili. Mstari wa pili ulisomeka “saa 5:15 usiku, tena”. Neno hilo “tena” ndilo lililomrudisha kazini.

Daftari la mkono nalo lina mtego wake. Mwendeshaji anayeandika kwa saa ya Kiswahili huandika 5:15 pale mashine inapoandika 23:15, na mwenzake aliyezoea hesabu ya Kiingereza huandika 11:15. Ofisi yenye watu wa Torit, Arua na Kisumu katika zamu moja itakuwa na hesabu zote tatu katika ukurasa mmoja.

Kuna jambo la kiufundi linalohitaji uangalifu zaidi. Hifadhidata ya kanda za saa inayotumiwa na kompyuta nyingi duniani ilitoa toleo lenye mabadiliko ya Juba, 2021a, tarehe 24 Januari 2021, yaani wiki moja tu kabla. Mashine zilizosasishwa kwa wakati zilibadilika zenyewe. Ambazo hazikusasishwa ziliendelea kuandika saa ya zamani. Na kundi la tatu ni baya kuliko yote: mashine ambazo fundi, akiona saa haiendani na ya ukutani, aliirudisha nyuma kwa mkono huku akiiacha kanda ya zamani. Mashine hiyo inaonyesha saa sahihi kwa jicho, lakini ukiitaka UTC inakupa iliyo nyuma kwa saa nzima. Mchambuzi anayelinganisha batli za 2021 hawezi kutumia tofauti moja kwa mashine zote za jengo moja. Inambidi atafute tukio ambalo pande mbili ziliona kwa pamoja, kama vile kukatika kwa kiungo cha mawasiliano, na apime tofauti kwa kila mashine.

Tatizo hili lina upande wake wa pili. Adhuhuri ya tarehe 15 Januari 2000, Sudan, ikiwemo Juba ya wakati huo, ilisogeza saa mbele kutoka 12:00 hadi 13:00. Batli ya siku hiyo ina pengo la saa moja lisilo na maana yoyote, nalo pia laweza kumponza mtu.

Kompyuta kuu zina kinga ya asili hapa kwa kuwa saa yao ya ndani, zikipangwa inavyoshauriwa, huhesabu UTC, na saa ya mahali ni tofauti inayojumlishwa wakati wa kuandika. Mkondo wa OPERLOG huhifadhi mihuri yote miwili. Lakini SYSLOG ya matini huchapisha saa ya mahali, na ndiyo ambayo watu huitoa, huituma na kuihifadhi.

6.0 Kulinganisha batli mbili

Baada ya kila ujumbe kuwa rekodi moja, na kila wakati kugeuzwa kuwa UTC, ulinganisho unawezekana. Hatua inayofuata ni kuficha vigeu. Katika IEA995I, TIME, SEQ, ASID na anwani za kumbukumbu hubadilika kila mara hata kosa likiwa lile lile. Zisipofichwa, hakuna ujumbe utakaofanana na mwingine. Zikifichwa kupita kiasi, kwa mfano tarakimu zote kugeuzwa nyota, 0C7 na 0C4 zinakuwa kitu kimoja, na hitilafu ya data inazikwa pamoja na hitilafu ya programu. Hakuna kanuni ya jumla. Orodha ya vigeu huandikwa kwa kila kitambulisho cha ujumbe na mtu anayeujua ujumbe huo, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo sehemu ya kazi inayostahili malipo.

Kuoanisha kwenyewe kuna hila moja. Agizo la JOINKEYS huunganisha rekodi za faili mbili zenye ufunguo mmoja na, likiambiwa UNPAIRED, huleta pia zilizokosa mwenzi katika kila upande. Lakini ujumbe ukiwa mara 3 katika batli ya kwanza na mara 4 katika ya pili, matokeo ni jozi 12, kwa sababu kila moja huoanishwa na kila mwenzake, na ule mmoja uliozidi hauonekani popote. Suluhisho ni kuipa kila rekodi namba ya mfuatano ndani ya ufunguo wake, ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha namba hiyo iwe sehemu ya ufunguo. Hapo jozi zinakuwa 3, na rekodi ya nne inabaki peke yake mahali inapoonekana. Katika kisa nilichokieleza, hesabu hii peke yake, bila kujua lolote kuhusu saa za Juba, ingeonyesha kwamba upande mmoja una ujumbe ambao mwingine hauna.

7.0 Yanayowahusu washauri wa sera

Sudan Kusini ilitoa mwaka 2021 amri ya muda kuhusu makosa ya mtandao na matumizi mabaya ya kompyuta, na tangu ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016 miamala yake inavuka mipaka kwa wingi. Batli zitafika mbele ya mahakimu na kamati za nidhamu. Wanaoandika kanuni na mikataba ya huduma wanaweza kudai mambo machache yasiyo na gharama kubwa.

La kwanza ni kwamba batli ghafi ihifadhiwe kama ilivyotoka, na muhtasari wake wa kihesabu, kwa mfano SHA-256, uchukuliwe kabla mtu yeyote hajaigusa. Kinachosafishwa kiwe nakala. Pili, kila mhuri wa wakati uandikwe pamoja na tofauti yake na UTC. Herufi chache tu, +03:00 au +02:00, zingemaliza kisa chetu kabla hakijaanza. Tatu, kuondoa rudufu kusimaanishe kutupa. Zana ya ICETOOL, kwa amri yake ya SELECT yenye FIRST na DISCARD, hubakiza rekodi ya kwanza na kuzipeleka zilizoondolewa katika faili ya pembeni. Mkataba utaje nani anaitunza faili hiyo na kwa muda gani. Programu za zamani za batli katika mifumo ya Unix zilikuwa na desturi ya kuandika kwamba ujumbe wa mwisho umerudiwa mara kadhaa, jambo linalotunza idadi lakini linapoteza nyakati. Afadhali idadi ihifadhiwe pamoja na wakati wa kwanza na wa mwisho.

Na kwa yeyote anayeshikilia leo batli za Juba za usiku ule zilizokwisha kusafishwa: saa kati ya 20:00 na 22:00 za UTC, tarehe 31 Januari 2021, zipimwe upya dhidi ya nakala ya upande wa pili wa mawasiliano, Kampala, Nairobi au kwingineko, maadamu nakala hiyo bado ipo. Muda wa kuhifadhi batli katika taasisi nyingi huhesabiwa kwa miaka michache, na baadhi ya nakala hizo zimekaribia kufutwa.